Urefu wa Final Fantasy VII Remake si kosa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo mno kwa ukurasa uliozoea hoja za maji, barabara na migogoro ya viwanja. Jambo lenyewe ni gemu. Tangu Final Fantasy VII Remake ilipotoka tarehe 10 Aprili 2020 kwa ajili ya PlayStation 4, limekuwa gemu la kupendwa na kusimangwa kwa wakati mmoja, na kwa sisi wachache wa hapa Dodoma tunaopenda magemu ya hadithi, ubishi wake haujapoa hata baada ya sehemu ya pili, Rebirth, kutoka tarehe 29 Februari 2024. Lawama ni zilezile: limerefushwa bila sababu, mapigano yake yameacha asili, hadithi imeharibiwa kwa kutiwa mizimu, na mnunuzi anauziwa kipande kwa bei ya kitu kizima. Zipo ambazo nazikubali, na nitazitaja. Ila ile inayosemwa zaidi kuliko zote, ya urefu, naiona imekaa kichwa chini miguu juu, kwa kuwa hicho kinachoitwa kasoro ndicho kinacholipatia gemu hili uzito ambao lile la zamani halikuwa nao.

Kwa msomaji asiyelijua, gemu la awali lilitolewa Japani na kampuni ya Square tarehe 31 Januari 1997, Hironobu Sakaguchi akiwa mtayarishaji na Yoshinori Kitase akiwa mwongozaji, na lilijaza diski tatu. Ni gemu la kubeba uhusika, yaani mchezaji haendeshi timu ya mpira wala gari la mashindano, bali anakuwa mtu mwenye jina na historia, anazungumza na watu, ananunua silaha, anapigana na kuongezeka nguvu kadiri hadithi inavyosonga. Mtu huyo ni Cloud, aliyekuwa mpiganaji wa kampuni ya umeme ya Shinra na sasa anakodiwa na kikundi cha Avalanche kulipua mtambo wa kampuni hiyohiyo katika jiji la Midgar. Jiji limejengwa kwa tabaka mbili: juu ya sahani kubwa ya chuma wanakaa wenye nafasi zao, na chini yake, mahali ambapo jua halifiki, wanakaa waliobaki. Shinra, ambayo ndiyo inayotawala hapo ingawa inajiita kampuni tu, inafyonza kutoka ardhini nishati iitwayo mako, na nishati hiyo ndiyo uhai wa sayari yenyewe. Katika gemu la 1997, Midgar ilikuwa mwanzo tu. Mchezaji aliimaliza kwa saa chache, akatoka nje ya jiji, na dunia nzima ikafunguka mbele yake. Toleo la 2020 limeuchukua mwanzo huo likaufanya gemu kamili la sura 18, ambalo asiyekimbia atalitumia saa zaidi ya thelathini.

Wanaolalamika huuliza: saa chache zimewezaje kuwa thelathini bila kujazwa makapi? Swali ni halali. Jibu lake liko katika tukio moja ambalo kila aliyecheza toleo lolote kati ya hayo mawili analikumbuka, nalo ni kuangushwa kwa sahani iliyo juu ya Sekta ya 7, mtaa mmojawapo wa Midgar. Shinra, ili kuwamaliza wapinzani wachache, inaibomoa nguzo na kuliporomosha tabaka la juu juu ya vichwa vya watu wanaoishi chini. Katika gemu la 1997 mchezaji alikuwa hajakaa Sekta ya 7 hata akaizoea. Aliijua baa ya Tifa, rafiki wa Cloud tangu utotoni, duka la silaha na nyumba mbili tatu. Biggs, Wedge na Jessie, wenzake wa Avalanche, walikuwa wamesema maneno machache kwenye visanduku vya maandishi, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na sauti za waigizaji. Sahani ikaanguka, Barret, kiongozi wao, akalia kwa kuita majina ya waliokufa, na sisi tukamhurumia Barret. Waliokufa hatukuwajua vya kutosha kuwalilia.

Sasa angalia kilichofanywa mwaka 2020. Sura nzima ya tatu Cloud anaitumia kuzunguka mtaa huohuo pamoja na Tifa, wakipita kwa majirani kwa shughuli ya machujio ya maji. Wapo waliolicheka jambo hili: shujaa mwenye upanga mkubwa kuliko yeye mwenyewe anatumwa machujio ya maji. Mimi, nikiwa mkazi wa mji ambao ratiba ya maji ni mazungumzo ya kawaida kati ya mpangaji na mwenye nyumba, sikuona cha kuchekesha. Mtaa hujulikana kwa shughuli kama hizo. Baada ya hapo unamjua mwenye nyumba anayempangisha Tifa, unamjua binti mdogo Betty aliyepotelewa na paka zake, unajua watu wanaokaa wapi na wanaogopa nini, na kwa kuwa kila mmoja sasa ana sauti na sura, wakikusalimia mara ya pili unajikuta umesimama kuwasikiliza.

Kisha inakuja sura ya nne, ambayo haikuwepo kabisa katika gemu la zamani, na ambayo kwangu peke yake inatosha kulihalalisha toleo zima. Jessie anawaongoza wenzake usiku hadi tabaka la juu, nyumbani kwa wazazi wake. Mama yake, ambaye hajui binti yake anafanya kazi gani, anawakaribisha vijana na kuwaandalia piza. Wakati huo Cloud anapenya kimyakimya hadi chumba cha baba ili achukue kitambulisho chake cha Shinra, maana bila kitambulisho hawataingia ghalani. Baba yupo kitandani. Hajui kama kuna mtu ameingia, kwa kuwa alizidiwa na mako akiwa kazini na hajarudiwa na fahamu zake. Humohumo ndani mchezaji anagundua kwamba Jessie alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na kwamba msiba wa baba ndio uliomtoa kwenye uigizaji ukampeleka kwenye mabomu. Hakuna hotuba. Kuna mgonjwa, kitambulisho, na mama anayehangaika na chakula huko jikoni. Jessie wa 1997 alikuwa msichana mchangamfu anayetengeneza mabomu. Huyu wa sasa ana kisa kinachoeleza kwa nini anayatengeneza, na unapofika naye kwenye nguzo katika sura ya 12, hali inakuwa nyingine kabisa.

Nadhani lawama ya urefu ina chanzo katika namna wengi wetu tulivyojifunza kucheza. Katika vibanda vya gemu, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, mchezaji hulipia mechi. Anayefungwa anaachia padi, na nyuma yake lipo benchi zima la wanaosubiri zamu. Ni starehe nzuri na sina neno nayo, lakini inamzoesha mtu kuona kila dakika ambayo hapigi mpira wala hapigi adui kuwa ni hasara. Nimemwona kijana wa mtaani kwetu akilicheza Remake kwa tabia hiyohiyo, akibonyeza kitufe cha kuruka mazungumzo kila wahusika walipofungua mdomo na kuziacha misheni zote za pembeni, hadi alipofika kwenye nguzo akauliza, "Kwani huyu dada ni nani?" Aliyekuwa akiulizwa habari zake ni Jessie. Kijana yuleyule ndiye aliyenitangazia baadaye kwamba gemu ni refu na halina hisia.

Haimaanishi kwamba kila dakika iliyoongezwa ina thamani. Sura ya 14 inaturudisha kwenye mitaro ya majitaka tuliyokwisha kuipita, na sikuona faida yake zaidi ya kuahirisha safari ya kwenda makao makuu ya Shinra. Katika sura ya 17, ndani ya maabara ya Hojo, mwanasayansi wa Shinra, wahusika wanagawanywa makundi na kuzungushwa kwenye madaraja na milango wakati ambapo hadithi ilikuwa imeshika kasi na ilihitaji kuachwa iende. Zipo pia misheni za kuwinda wanyama ambazo zingeweza kufutwa bila mtu kuzililia. Ukiyajumlisha hayo yote unapata saa chache, na hizo ndizo zinazotumiwa kuhukumu saa nyingine zote.

Ipo lawama ya upande wa pili ambayo ni ya busara zaidi, ingawa husikika mara chache. Wanaoitoa wanasema kwamba kwa kuwaonyesha wakazi wengi wa Sekta ya 7 wakihamishwa kabla sahani haijaanguka, watengenezaji wameupunguza ukatili wa tukio, na kwamba Shinra ya 1997 iliua bila kumpa mtu nafasi ya kukimbia. Nimeitafakari hoja hii kwa muda mrefu. Ni kweli idadi ya waliokufa inaonekana kupungua. Lakini katika kile kipindi cha watu kukimbia, mchezaji anaona nyuso anazozijua zikiwa mbioni, na anakuwa na hofu kwa ajili ya mtu mahususi: fulani amefika getini au hajafika? Hofu hiyo gemu la zamani halikuweza kuitoa, kwa kuwa hatukuwa na fulani wa kumtafuta. Anayependelea ukali wa mwanzo ana haki yake. Mimi nauchukua huu.

Kuhusu mapigano, sitakubali hata nusu. Inasemwa kwamba gemu la zamani lilikuwa la kufikiri na hili la sasa ni la kubonyeza hovyo. Wasemao hivyo wamesahau kwamba hata mwaka 1997 muda haukusimama kumsubiri mchezaji: kila mhusika alikuwa na kipimo kinachojaa taratibu, na adui aliweza kupiga wakati wewe unahangaika na orodha ya amri. Mfumo huo ulibuniwa na Hiroyuki Ito kwa ajili ya Final Fantasy IV ya mwaka 1991. Toleo jipya limekibakiza kipimo hichohicho, ila linakitaka kijazwe kwa kupigana, na kinapojaa unafungua orodha ya amri, muda unapunguza mwendo hadi karibu kusimama, na wewe unachagua uchawi, silaha au dawa. Anayebonyeza hovyo ataweza kupita kwa askari wa kawaida wa mwanzoni. Kwa mabosi, yaani maadui wakubwa, hatapita.

Chukua mfano wa Airbuster, lile lidude la chuma katika Mtambo wa 5. Kabla ya kupambana nalo, mchezaji anapita katika vyumba vya mtambo akiwa na kadi chache, na kila kadi anayoitumia inalipunguzia dude hilo kitu, kwa mfano mabomu yake makubwa, kabla halijamaliza kuundwa. Kadi hazitoshi kuondoa kila kitu, kwa hiyo ni lazima uamue unaogopa nini zaidi. Pambano likianza, umeme ndio unaoliumiza, kama ulivyo kwa mashine nyingi za Midgar, na aliyesahau kumpa mtu wake materia ya radi, yaani kito cha kumpa uchawi huo, anabaki kulikwaruza. Kisha linaruka na kwenda kuelea mbali na daraja, upanga wa Cloud haulifikii, na Barret mwenye bunduki mkononi ndiye anayekuwa tegemeo. Kama huko si kufikiri, sijui kufikiri ni kupi. Na kwa anayetaka kuchagua amri tu bila kuhangaika na vidole, ipo namna ya kucheza iitwayo Classic, ambamo wahusika wanajipiganisha wenyewe na mchezaji anabaki na maamuzi. Wengi wanaolalamika hawajawahi hata kuifungua.

Mizimu ni suala gumu zaidi. Katika toleo jipya vinatokea vivuli vyenye majoho kila mara mambo yanapotaka kwenda kinyume na yalivyokuwa mwaka 1997, navyo vinasukuma kila kitu kirudi kwenye njia yake. Wapenzi wa zamani wanaona wamechezewa: walitaka hadithi yao kwa picha mpya, wakapewa hadithi inayojibishana na hadithi yao. Nawaelewa, na nakiri kwamba sura ya mwisho ina makelele kuliko maana. Pambano la mwisho linarundika majengo yanayoruka na mambo ya majaliwa kiasi kwamba mtu mgeni anaweza kumaliza gemu asijue ameshinda nini. Hata hivyo, kabla ya kusema kwamba hadithi imenajisiwa, ni vizuri kukumbuka waliofanya hivyo ni akina nani. Kitase, mwongozaji wa 1997, ndiye mtayarishaji wa 2020. Tetsuya Nomura aliyewachora wahusika ndiye mwongozaji mkuu. Kazushige Nojima aliyeandika hadithi ile ndiye aliyeandika na hii. Msimulizi akirudia kisa chake baada ya miaka 23 mbele ya wasikilizaji ambao wote wanajua nani atakufa, anayo ruhusa ya kuwatia wasiwasi upya. Bila vivuli vile, ningefuatana na Aerith, yule msichana muuza maua, katika mtaa wake wa Sekta ya 5, kwenye maua yake na watoto yatima anaowapelekea maua hayo, nikiwa nimeshatulia kwa kuwa najua kitakachompata na lini. Sasa sijui. Nilikuwa nimeshazoea kujua, na sikutegemea kwamba kutojua kungenirudishia gemu zima likiwa geni.

Lipo na la kusema kwamba njia ni nyembamba, kwamba mchezaji anapelekwa kama ng'ombe kuelekea mnadani bila kuachiwa kuzurura. Hilo halihitaji maneno mengi: Midgar ya 1997 nayo ilikuwa ya njia moja tangu treni ya kwanza hadi barabara kuu ya kutokea, na uhuru wa kuzurura ulianza nje ya jiji. Anayeutaka uhuru huo ataukuta katika Rebirth, na humo nasikia watu walewale wanalalamika kwamba eneo ni kubwa mno.

Picha za baadhi ya milango na kuta katika toleo la PlayStation 4 zilikuwa na ukungu wa aibu, hasa mlango wa chumba cha Cloud, na hilo lilirekebishwa katika toleo la Intergrade la PlayStation 5 la Juni 2021. Yameisha. Muziki sijamsikia mtu akiulaumu. Tungo za Nobuo Uematsu zimepangwa upya kwa namna ambayo wimbo wa mtaani unapanda na kuwa wa vita bila kukatika adui anapotokea, kisha unashuka tena anapokwisha, na naona ajabu kwamba wanaodai gemu limesaliti asili hawalitaji jambo hili kamwe.

Nimeiacha bei mwishoni kwa sababu hapo ndipo ninapokubaliana na wanaolaumu. Kampuni ilitangaza mapema, Desemba 2015, kwamba kazi ingetolewa kwa sehemu zaidi ya moja, lakini jina la gemu kwenye jalada la mwaka 2020 halimwambii mnunuzi kwamba anachonunua ni sehemu ya kwanza, na mtu aliyejikusanyia fedha zake kwa miezi akaja kugundua kwamba hadithi inaishia kwenye lango la jiji ana haki ya kukasirika. Gemu liliuza nakala milioni 3.5 katika siku tatu za mwanzo, kwa hiyo kuandika neno moja la ukweli kwenye jalada kusingewafilisi. Sikubali, hata hivyo, kwamba alichouziwa ni kipande. Saa thelathini zenye mwanzo, kilele na mwisho wake ni kazi kamili, na nimenunua magemu mengi kwa bei hiyohiyo ambayo hayakufikisha theluthi ya hapo.

Kwa msomaji ambaye ameshawishika kujaribu, yapo machache ya kuzingatia. Si lazima awe amecheza lile la 1997, ingawa mwisho utamweleweka zaidi akiwa amelicheza. Mwenye PlayStation 5 atafute Intergrade, ambayo ina kisa cha ziada cha mhusika mwingine, Yuffie, na ajue kwamba Rebirth haichezeki kabisa kwenye PlayStation 4. Kwa bei za bando zilivyo, kulipakua ni mtihani, kwa kuwa linakula takriban gigabaiti 100, kwa hiyo wengi wetu tunanunua diski zilizotumika. Za PlayStation 4 ni mbili, moja ya kusakinishia na nyingine ya kuchezea, na wauzaji wasio makini huwa wanatoa ile ya kuchezea peke yake. Afungue kasha palepale dukani, ahakikishe zote mbili zimo, ndipo atoe hela.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma